Chai Tayari

Ghorofa ya pili, Kakamega, juu ya duka la viatu:
ofisi ya ushirika, vyumba vitatu, meza tano
na printa moja ambayo kila mtu alidai ni yake.
Nilipanda na koleo na waya saa nne asubuhi,
mapema kwa makusudi. Huku mvua huripoti kazini saa nane,
na ikija na radi, huondoka na stima.

Bi Mmbone, mwenyekiti, akanieleza shida kwa kidole:
"Barua ikiandikwa pale, inatiwa kwenye flashi,
flashi anapewa Shimoli, Shimoli anavuka ukumbi,
anangoja zamu, anarudi na karatasi,
halafu tunaona jina la mkulima limekosewa
na Shimoli anaanza upya."

Shimoli mwenyewe alikuwa amesimama pale pale,
flashi ikining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu;
miaka kumi na minne ya utarishi,
na soli zilizolika upande mmoja,
upande anaopindia kona.

Nikafunga ruta chumba cha mbele, karibu na soketi,
kama fundi mvivu.
Taa zikawaka: kijani, kijani, chungwa.
Kwa karani mawimbi yalijaa pomoni.
Kwa mhasibu, Bwana Ingado, hata tone.
Kati yao palikuwa na sefu ya chuma
iliyonunuliwa enzi miwa ilipokuwa na bei,
na ukuta wa mawe uliojengwa na mtu aliyeogopa risasi.
Wasemao kuta zina masikio hawajafika hapa.
Huu ulikuwa kiziwi, tena kwa kiburi.

Nikahamisha. Juu ya kabati: nusu.
Dirishani: duka la viatu likapata, mhasibu akakosa.
Nikazunguka na simu nimeiinua
kama anayetafuta mwezi mwandamo.
Ingado akatazama saa, akatazama mawingu.

Ndipo Shimoli akakohoa.

"Fundi, mimi nikiita watu chai
sisimami huko kote ulikozunguka.
Nasimama hapa, mlangoni pa stoo,
nainua uso kwenye ule upenyo, pale dari lilipong'oka.
Nikisema *chai tayari*, Bwana Ingado anasikia
na mlango kaufunga.
Nikisogea hatua mbili tu, sharti nipige kelele."

Nilicheka, kwa ndani. Sauti ni kitu kimoja,
mawimbi ya redio ni kingine;
nilifundishwa hivyo, nikafanyia mtihani, nikapita.
Lakini ilikuwa saa saba na nusu
na upande wa msituni kumeanza kunguruma.
Nikapanda kiti. Nikapiga misumari miwili.

Mhasibu akasema, "Eh."
Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu.

Nenosiri lilizua kikao.
Karani alitaka jina la mwanawe,
mwenyekiti alitaka kitu ambacho duka la viatu haliwezi kubahatisha.
Mwisho wakaliandika kwenye kikaratasi,
wakakificha chini ya mkebe wa sukari,
ambao huguswa na mtu mmoja tu,
na huyo hakuna aliyekumbuka kumuuliza kama ana simu.

Kisha majaribio. Vyumba vitatu kwa mpigo:
orodha ya malipo, barua ya benki, tangazo la matanga.
Printa ikavuta pumzi, ikazitoa kwa zamu
bila kuuliza cheo cha mtu.
Halafu kimya.
Karatasi zimelala kwenye trei, vuguvugu bado,
na kila mtu mezani pake,
wakitazamana kupitia milango.

"Shimoli!"
Vinywa vitatu.

Alikuwa ameshainuka.

Mvua ikashuka juu ya mabati. Stima ikapepesa, ikabaki.
Nikikunja waya nilimwona amesimama pale pa chai,
flashi kiganjani, anaigeuza, anaigeuza,
kisha akairudisha ndani ya shati.
Nikajitia kuandika risiti.