Milimita Sifuri

Siku ya tatu nesi alirudi Bombo na rula yake,
ya plastiki, kama ya mtoto wa darasa la pili.
Akanivuta mkono hadi penye mwanga wa mlango.
Hapana uvimbe. Hapana hata wekundu.
Akaandika: Mastula, miaka kumi na tisa, milimita sifuri.

Mimi ni Mastura.
Lakini ulimi wake umezaliwa Masaka,
r na l kwake ni watoto wa tumbo moja.
Nikaitika.

Sebbi alipimwa kabla yangu: kumi na sita.
Mkono ulimvimba kama umeumwa na nyigu,
na usiku alikwisha anza kulowesha fulana.

Chumba kimoja, naomba muelewe.
Haboba kitandani, mimi miguuni pake,
Sebbi kwenye mkeka karibu na mlango.
Tulimpa penye hewa kwa sababu ni mvulana.
Mwaka mzima Haboba alinikoholea mimi.
Nilimshikia kopo, nikalimwaga, nikalisugua kwa majivu.
Kwa hesabu ya mtu yeyote mwenye akili
ilikuwa zamu yangu.

Majirani nao walikuwa na hesabu yao.
Ukoo wa Almasi, ukoo wa kifua, walisema sokoni,
na bwana aliyeleta posa kwa shangazi Zamuda
akakumbuka ghafla kwamba ana safari ya Yei.
Tulipomzika Sebbi wakaongeza:
huyu msichana hakohoi, ananenepa, mnaonaje?

Hawakusema kwamba mwezi wa tatu alijiona mzima,
akaenda Luweero kufyatua matofali,
vidonge akaviacha juu ya kabati.
Bado vipo. Sijaweza.

Nesi akaja tena, safari hii na chupa sita tupu.
Nikamuuliza. Akageuza ndoo, akaketi.
Mwilini mna askari, alisema. Mdudu akiingia, askari anammeza.
Kwa wengine, aliyemezwa hufa.
Kwa wengine hujikunja humo humo, tumboni mwa mlinzi,
akala posho yake, akalala,
akasubiri mwaka wa njaa.
Baba, sajini mstaafu, akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi:
askari wa namna hiyo aliwajua kwa majina.

Na uaskari huo umeandikwa, akaendelea,
nusu kwa mkono wa mama, nusu kwa mkono wa baba.
Herufi moja ikikaa vingine,
lango nalo hufungwa vingine.

Herufi ipi?
Bado hatujui. Huenda si moja.
Huenda ni nyingi, kila moja inasukuma kidogo tu.
Ndiyo maana tunakuja kuomba.

Na Sebbi, angekuwa nayo?

Akazungusha kifuniko cha chupa, cha zambarau.
Akakizungusha tena.

Tumbo moja, ziwa moja,
kovu la chanjo bega lile lile.
Mama alitugawia karata gizani
na mwenyewe hakuziona.
Nani nimdai? Nimshukuru nani?
Damu ilipanda ndani ya chupa bila haraka,
nyeusi kuliko nilivyodhani,
nikaiangalia kama mtu anayeangalia barua
iliyoandikwa kwa lugha ya nyumbani kwao
na hajui kusoma.

Jumamosi baba aliazima nyundo.
Akavunja ukuta juu ya kitanda cha Haboba,
tofali la kwanza, la pili, la saba,
vumbi likatutoa machozi sote, pamoja naye Haboba,
ambaye sasa amepona na anagomba na kila mtu:
Nani amekwambia nataka dirisha?

Barua ilifika baada ya Idi.
Kwa Mastula, ilisema, tunakushukuru kwa kushiriki.
Majibu hayajatoka.

Nikatafuta kalamu ya Sebbi, ile ya bluu,
nikaikata ile l,
nikaweka r juu yake.
Hiyo moja niliiweza.