Safu ya Maelezo

Ripoti imeondoka saa nane usiku,
kurasa arobaini na mbili pamoja na viambatisho,
kwa mfadhili asiyewahi kukanyaga Kitunda
na ambaye sina ugomvi naye.
Ila kwenye jedwali la matumizi
safu ya mwisho, ile ya Maelezo,
ilibaki nyeupe toka juu hadi chini.
Niliona haya kuifuta.

Basi niijaze.

Nyanzala, wewe kwanza,
uliyemfuata fundi Mihambo hadi kilabuni
ukamdai stakabadhi ya mifuko kumi na minne ya saruji.
Akaiandika kwenye karatasi ya pakiti ya sigara.
Ukaibandika, ukaipiga muhuri, ukaipa namba.
Mkaguzi akaja toka Dodoma,
akaigeuza mara tatu,
akacheka, akapitisha.
Kicheko kile hakina fungu katika bajeti.
Nakiandika hapa.

Shija, gari letu ni kuukuu kuliko katiba ya shirika.
Masika ile, kwenye mbuga ya kusini mwa Sikonge,
ulilala siku mbili matopeni na vitanda sita vya chuma,
ukila mihogo mikavu na asali ya kuomba.
Uliporudi hukudai posho.
Ulidai soksi.
Sikukununulia. Nilidhani unatania.

Kapaya, mwandika maandiko,
barua kumi na moja za "tunasikitika kukujulisha"
ulizitundika chooni kwa mpangilio wa tarehe,
ukasema kila mtu asome akiwa ameketi.
Ya kumi na mbili ilianza na "tunafurahi".
Hukupiga kelele. Ulitoka nje,
tukasikia unapampu maji kisimani,
unapampu, unapampu,
na ndoo ilikuwa imeshajaa zamani.

Na Bi Kalunde, usiye na mkataba wala kiti,
mwenye kopo la maziwa lililotobolewa kifuniko,
soko kuu, stesheni, msikitini, kanisani,
siku ya mshahara wa walimu na siku ya mnada wa tumbaku.
Mkono mtupu haulambwi, ulituambia,
kisha ukatumbukiza ya kwanza wewe,
elfu mbili iliyofungwa kwenye pindo la khanga.
Niliuona mkunjo wa noti ile. Bado nauona.

Nami mratibu wenu
nilisema nini mwaka mzima?
Nyaraka ziko wapi.
Nani amechukua stepla.
Jumatatu nilipaza sauti kwa ajili ya stepla!
Neno asante lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki,
nikimeza matonge kulishusha
badala ya kulitoa.

Nyumba ya akina mama wangojao uchungu imesimama.
Kibao kimepigiliwa: nembo, mwaka, jina la mfadhili
kwa rangi isiyochuja.
Ila kabla ya msumari wa kwanza
nilikigeuza, nikachukua penseli ya seremala
nikaandika majina manne upande wa ukutani.
Mihambo ni shahidi. Alitaka na lake,
nikaliandika, yakawa matano.

Kapaya atasema
shairi lisilo na vina ni ripoti iliyokatwa mistari.
Sawa. Ripoti ndiyo kazi niijuayo.

Jambo moja zaidi.
Mama wa kwanza kulala mle, Siwema, hakushukuru.
Alilalamika: dirisha la kushoto linagonga usiku,
halimpi usingizi.
Nilimsikiliza hadi mwisho, nikimwomba arudie,
kwani mwezi uliopita angelala njiani,
na njia haina dirisha la kulalamikiwa.

Safu imejaa. Kuijumlisha siwezi,
Nyanzala atanisaidia asubuhi.
Wabeja, nyote.
Shija, soksi ziko juu ya meza yako, jozi mbili.
Ukienda Kitunda
beba bisibisi.