Na Wenzake

Barua ya makao makuu ina mhuri wa HARAKA:
leteni hesabu ya manukuu, wawili wameomba cheo kimoja.
Mkuu wa kituo akaisukuma mezani kwangu,
akaondoka kumpokea mgeni stesheni,
na treni ya Kigoma, kama kawaida yake,
bado ilikuwa Kaliua.

Nikaanza na njia ya wavivu: jumlisha.
Dakta Mlewa, mia tatu na kumi na saba.
Dakta Nyamizi Kapaya, mia moja na tatu.
Yangekuwa magunia ya tumbaku ningefunga daftari
nikanywe chai Isevya.

Lakini mimi niliwahi kuhesabu nyuki.
Mwaka wa kwanza wa ajira, porini Sikonge,
nilikaa mbele ya mzinga wa gome na kidude cha kubonyeza:
anaingia, ka! Anaingia, ka!
Jioni nikaleta elfu mbili na ushei, kifua mbele.
Nyamizi, siku hizo bado msaidizi, akauliza taratibu:
"Elfu mbili, au mia nne walioingia mara tano?"
Kesho yake akatoa mkobani rangi yake ya kucha.
Doa moja mgongoni, doa moja mgongoni,
na elfu zangu zikanywea.

Basi leo nikawatia rangi wanukuu.
Arobaini na sita ni Mlewa anayemnukuu Mlewa:
anatoka, anazunguka ua,
anaingia mlango uleule.

Nikajaribu njia ya ngazi.
Makala iliyotajwa zaidi iwe juu;
shuka, hesabu vidato,
simama kabla kidato hakijaizidi idadi ya waliotaja.
Nyamizi: arobaini na moja, kumi na tisa, kumi na mbili,
tisa, saba, sita. Nikasimama cha sita.
Mlewa: mia tatu na kumi,
nne,
mbili.
Cha tatu hakikunibeba.

Ile mia tatu na kumi ikaniwasha. Nikaacha namba, nikasoma sentensi.
"Kinyume na alivyodai Mlewa."
"Tulirudia kipimo cha Mlewa mara tatu, hakikukubali."
Mashine haijui kutajwa kwa heri na kutajwa kwa shari;
mwizi akipigiwa kelele na soko zima
naye kajipatia jina.

Nikafurahi mapema. Njia ya mgao ikanirudisha chini:
waandishi watano, kila nukuu ikatwe vipande vitano,
na fungu la Nyamizi likabaki kama michembe ya mwisho wa kiangazi.
Halafu nikagundua mashine ina Nyamizi wawili:
Kapaya wa kabla ya ndoa, Mihambo wa ndani ya ndoa,
wala haikupata habari za talaka.
Nikawaunganisha kwa kalamu. Yeye mwenyewe
ilimchukua miaka minne.

Na bado. Fungua makala yoyote ya asali ya miombo,
utamwona profesa aliyekuja wiki mbili za Juni,
kisha maneno mawili madogo: na wenzake.
Humo ndani ya "na wenzake" kuna mwanamke
aliyelala Sikonge misimu saba, macho yamevimba kwa miiba,
anayejua mzinga upi una hasira na upi una mchwa.

Fomu ina visanduku vitatu tu.
Nikaandika 0, 0, 6.
Nikaambatisha kurasa kumi na moja za maelezo
ambazo najua zitafungiwa vitafunwa.

Kabla sijazima taa nikafunua ile makala yetu ya kwanza, mwisho kabisa,
chini ya wafadhili, chini ya dereva:
"Shukrani kwa karani Nkingwa, kwa kuhesabu."
Hakuna njia inayosoma mstari huo.
Nikausoma mimi, mara mbili,
nikajiuliza kama mara ya pili inahesabiwa.