Zamu

Sista kaniambia nisicheke, nikicheka ramani inacheza.
Nimelala chali, nimefunikwa kitambaa cha kijani,
pajani zimeingia nyaya tatu nyembamba kama ukindu
na zote, anasema daktari, zimeshafika moyoni.
Sizisikii. Nasikia baridi ya Mbeya
ikipita chini ya mlango, mwezi huu wa saba,
na mashine inayolia tii, tii, tii,
kama mtu anayehesabu magunia ya watu wengine.

Nilimwambia Daktari Mhagama: geuza hicho kioo, nami nione.
Akakigeuza.

Sikutegemea rangi.
Nilidhani moyo ni kitu cha kuchorwa kwa kalamu nyekundu
kwenye barua za shule.
Huu ulikuwa kama kiazi kilichochimbwa vibaya,
umepinda, una mabonde, unazunguka hewani peke yake,
na kila waya ulipogusa, nukta ikabaki:
nyekundu ulikoanzia umeme,
kisha njano, kijani, buluu,
hadi zambarau, mkiani, unakochelewa kufika.

Nikacheka. Ramani ikacheza.
"Mama Tulinagwe!"
Samahani, sista. Lakini huo mfereji naujua.

Miaka kumi na minne mimi ni mgawa maji kule Igurusi:
daftari langu, jembe langu, tochi yangu.
Najua maji ya banio la juu yanafika saa ngapi kwa Mzee Sinkala,
saa ngapi kwa wajane wa mwisho wa mfereji,
na yakichelewa, najua yamepitia wapi.
Mpima ardhi alikuja na darubini yake ya miguu mitatu,
akachora vizuri, akakosa wizi wote,
kwa sababu alikuja mchana.
Anayekata ukingo hukata usiku.

"Ndiyo maana," daktari akasema, "lazima tuuamshe."
Wakauchokoza kwa umeme mdogo,
mara moja, mara mbili,
ukatoka mbio,
ule ule
ulioniangusha shambani nina miaka kumi na mmoja,
miche mkononi,
ule walioniombea, wakanipimia presha,
wakaniambia mwanamke ukiwaza sana ndivyo unavyokuwa.
Mia mbili na kumi kwa dakika.
Mdomo ukakauka. Dari ikasogea.

"Pale," akasema kijana wa kompyuta, Lutengano,
na kidole chake kilitetemeka kidogo.
Uzi wa nyama, mwembamba kuliko unywele,
uliosahauliwa kukatwa nikiwa bado tumboni.
Umeme unashuka kwa njia yake halali,
unaibia pembeni, unapanda,
unashuka tena kabla zamu haijaisha.

Sikuwaza sana, basi. Sikulogwa.
Moyo wangu ulikuwa na mchepuko.
(Safari hii alicheka sista, na hakuna aliyemkataza.)

Wakachoma.
Joto kifuani, kama chai iliyonywewa kwa haraka,
mtu anahesabu sekunde,
tii tii tii tii, halafu

tii.

      tii.

Nikadhani watanifunga bandeji, wanirudishe wodini.
"Bado," anasema. "Tunakaa nusu saa. Wakati mwingine hurudi."

Hapo ndipo nilipomwamini.
Kuziba, nani asiyejua? Udongo, nyasi, kanyaga, umeziba.
Mgawa maji ni yule anayebaki
ameketi ukingoni, tochi kaizima,
anasikiliza gizani
kama udongo mbichi utashika.