Ndoo ya Pumba

Baba hakunipa nasaha nilipopanda treni ya Sendai.
Alinipa ndoo.
Ndoo ya plastiki, mfuniko umezungushiwa utepe,
ndani pumba za mchele zilizolowa chumvi,
kipande cha mwani, pilipili kavu tatu,
na uchachu wa miaka kumi na mmoja.
"Igeuze kila siku," alisema. "Kwa mkono mtupu."
Kisha akatazama saa ya stesheni
kana kwamba ni yeye anayesafiri.

Pumba: kile kinachopepetwa kikaruka,
kinachotupiwa kuku,
jina la hotuba mbovu.
Ndani yake unazika tango jioni,
asubuhi linafufuka na akili nyingine.

Baba huendesha gari la kusukuma theluji.
Nilikuwa na miaka saba daktari alipomwonyesha karatasi ya damu yake.
Alirudi nyumbani, akatoa garini makopo ya kahawa tamu,
nikayahesabu, thelathini na mawili,
akaanza kujifunza kupika kwa mikono ile minene,
akikata figili kama anayepasua kuni.
Vidonge vyake hakuvitupa.
"Kidonge ni mgeni," husema, "mpe kiti.
Lakini mwenye nyumba ni mchuzi."

Chumba namba 306.
Kanae, wa kutoka Nagoya,
alifungua dirisha kabla ya kunisalimu.
"Kuna kitu kimekufa humu?"
"Hapana," nikasema. "Kuna vitu viko hai. Mamilioni."
Haikusaidia.

Jiko moja, watu arobaini, sufuria yangu ina jina langu.
Aprili, Mei, Juni: shayiri, maharage, samaki mdogo na mifupa yake,
taa kuzimwa saa nne,
mkono hadi kwenye kiwiko ndani ya pumba baridi.
Darasani waliniita Bibi.
Nilijiona, nakiri, bora kuliko wao kidogo.

Kisha Julai, na kemia,
na joto la kulowesha shuka.
Nikala tambi za kikombe nimesimama,
nikanywa kahawa ya kopo, ileile,
nikalala alfajiri, uso juu ya daftari.
Vidonda vikachipua chini ya ulimi.
Ndoo niliipita kama mtu anavyompita anayemdai.

Siku ya tisa, mtihani umekwisha,
nikapiga magoti, nikafungua mfuniko
nikiwa tayari kwa ukungu, tayari kwa aibu.
Zilikuwa laini.
Zimesawazishwa vizuri, na juu yake
alama za vidole vinne, vifupi kuliko vyangu.

Kanae hakugeuka kitandani.
"Usipoigusa inanuka zaidi," alisema.
"Nilikuwa naigeuza usiku, ukiwa maktaba."
"Kwa mkono mtupu?"
"Kwani una mwingine?"

Tulikula biringanya lile sakafuni, bila sahani.
Halikuwa na ladha ya nyumbani.
Lilikuwa kali upande mmoja, na utamu uliochelewa,
kama utani wa mtu asiyekujua vizuri.
Nikachukua kipande cha pili.

Jioni nikampigia baba.
"Imekufa?"
"Imebadilika. Kuna mkono mwingine ndani."
Akanyamaza. Kisu kikagonga ubao mara tatu.
"Umekula nini leo?"
"Biringanya."
"Na nini?"
Ningeweza kusema shayiri.
"Na tambi za kikombe," nikasema.
Kisu kikasimama.
"Mimi," akasema, polepole, "kopo moja. Jumapili.
Usimwambie mama yako."

Tukakaa hivyo kwenye simu, washitakiwa wawili,
yeye na figili yake,
mimi na kiganja ambacho hata sabuni
bado haijakishawishi.