Nywele za Uzima

Tulishuka Darkhan na masanduku manne,
moja lote unga wa muhogo.
Mama alisikia kwamba huko tuendako watu hula nyama tupu.
Afisa wa forodha alichovya kidole ungani, akalamba,
akatutazama mmoja mmoja, akatupisha
kama wapishwavyo wagonjwa.

Januari. Mate huganda kabla hayajafika chini,
ndivyo alivyoapa Kauê, mwenye miaka mitatu,
ambaye nyumbani Maranhão hakuwahi hata kuvaa soksi.

Zamu ya maji ilikuwa yangu:
madumu mawili kwenye kigari, mteremko wa barafu,
kibanda cha buluu, dirisha dogo,
na nyuma ya dirisha, Oyuntsetseg wa meno ya dhahabu,
anayefungua bomba ukishalipa
na kulifunga tone la mwisho likiwa bado linajishauri.
Siku ya kwanza nilimkanyaga mzee mguu kwenye foleni.
Akanyoosha mkono. Nikajua nachapwa.
Nikatimua mbio, madumu yakabaki.
Kumbe hapa ukimkanyaga mtu mnapeana mikono,
ugomvi usije ukaota pale mguu ulipogusa.
Jioni aliyaleta mwenyewe, yamejaa,
akasimama mlangoni, kimya,
mpaka nikampa mkono.

Baba, aliyehubiri kwetu shati likimganda mgongoni kwa jasho,
hapa alisoma kwa kidole, silabi kwa silabi,
mbele ya watu tisa na jiko la makaa ya mawe.
Lugha yao ina irabu mbili, mapacha wasiopendana:
ukilegeza kinywa, umesema maji,
ukikikaza, umesema nywele.
Baba alikaza.
"Wenye kiu waje," akasema, uso unang'aa,
"nywele za uzima zipo, na ni za bure."
Hakuna aliyecheka. Wana adabu.
Oyuntsetseg tu alitoka nje kana kwamba anamwaga majivu,
tukamsikia huko akimsimulia mbwa.

Mama wiki ile hakusema mengi.
Alipima unga kwa kijiko cha dawa.
Alifuta masizi dirishani, yakarudi, akafuta.
Alimwandikia bibi kwamba tu wazima,
akaichana barua,
akaandika nyingine yenye maneno yale yale.

Theluji ilipoanza kuoza, Oyuntsetseg alikuja na mkasi
uliofungwa kitambaa cha buluu.
Mtoto huyu, akasema, bado ana nywele za tumboni mwa mama yake.
Mnamsubirishia nini?

Usiku niliwasikia nyuma ya kabati.
Je, ni ibada? Ni mila tu?
Baba akafungua kitabu, akafunga, akafungua.
"Wameomba kukata nywele za mwanao," Mama akasema.
"Hawajaomba kukukata wewe imani. Lala."

Kanisani walikuwa tisa.
Siku ya mkasi walikuja thelathini na mmoja.
Kila mtu alikata shungi, akamnong'oneza Kauê sikioni,
akampa kitu: mpira, noti mpya isiyokunjwa, peremende, soksi.
Mzee wangu wa foleni alimpa mwanakondoo.
Hayupo hapa, alieleza, yuko kwa mpwa wangu,
kilomita themanini, lakini tangu leo ni wako.

Mkasi ukamfikia Baba.
Mkono ulimtetemeka; hakuna aliyemsaidia, na hilo pia ni heshima.
Akakata. Ilibidi abariki.
Alivuta pumzi, akalegeza kinywa kwa uangalifu wote wa miezi mitatu,
na kwa sauti ya mimbari akamwomba Mungu
ayabariki maji haya ya mwanangu.

Safari hii walicheka.
Walicheka mpaka mzee akashika nguzo,
na Mama, Mama yangu, alicheka kwa kwikwi
akijipiga paja kama yuko uani kwao,
akamwegemea Oyuntsetseg begani
na kumwachia alama ya machozi kwenye joho.

Nywele zilifungwa katika kile kitambaa cha buluu.
Shungi moja Mama alilichomoa, akadhani hatumwoni,
akalitia kwenye kopo la unga,
ambalo kufikia siku hiyo lilikuwa tupu.

Mwanakondoo hatukuwahi kumwona.
Kauê ana miaka kumi na tisa sasa. Bado anamuulizia.