Damu ya Kuulizwa

Miaka kumi na tisa nafua mashuka ya materniti hapa Kadutu,
huku nyuma, penye makarai matatu na kamba inayotazama ziwa.
Damu naijua kwa rangi, kwa harufu, kwa ukaidi.
Ya uzazi hutoka kwa maji baridi na subira.
Ya mimba iliyoharibika haina tofauti,
ila mimi huifua peke yake.

Jumatatu ile Regideso walikuwa wamekata maji.
Nimekaa juu ya dumu tupu, nasubiri,
akaja M'Cirhuza, shangazi wa bwana harusi,
na mfuko mweusi, na ndani ya mfuko shuka
jeupe, limekunjwa kama kitambaa cha altare.

Alikuwa ametoka kwa Noela mkunga.
Alitaka karatasi yenye muhuri:
Nshobole aliolewa bikira au la?
Noela akamwambia hakuna anayeweza kusoma hilo mwilini,
si mkunga, si daktari, si mashine,
akarudi kwa mama aliyekuwa na uchungu.

Basi akanijia mimi.
"Wewe unayejua damu, angalia. Wamelala usiku mbili."
Nikalifungua, nikaliinua juani.
"Hamna kitu."
"Si unaona," akasema. "Na ng'ombe wetu wanne!"

Nikacheka, Mungu anisamehe.
Mama, Nshobole ni mtu mzima, kila mwezi anaona siku zake.
Kama pale pana mlango uliofungwa,
damu hiyo imekuwa ikipita wapi?

Midomo yetu inapenda kuvunja:
kavunja ungo, kavunjwa ubikira,
kana kwamba mwanamke ni kabati la sahani.
Kizinda si kifuniko cha chupa.
Ni ukingo wa ngozi laini, kama pindo la shingo ya blauzi,
na kila fundi ana pindo lake:
jembamba, pana, lenye mikunjo,
na mwingine alizaliwa karibu hana.
Hunyumbuka. Wengi hawatoi hata tone.
Waliozibwa kweli wapo, wachache;
hao tumbo huwauma kila mwezi na damu haionekani,
huletwa kwa daktari, hufunguliwa kidogo, hupona.

"Mimi nilitoka damu," akasema.
"Ulikuwa unaogopa?"
Pikipiki ilipanda kilima ikikohoa. Tukaingoja ipite.
"Sana."
"Woga, haraka na ukavu huchubua, mama.
Wakatandaza mchubuko wako uani, wakapiga vigelegele."

Akavuta dumu la pili, akakaa.
Akawa anakunja shuka, anakunjua, anakunja.
Bomba likaguna, likatema kutu, kisha maji.
Sikuinuka. Kuna kitu kilikuwa kinakuja.

"Na mwanamke aliyekwisha kuacha," akasema chini chini,
"mwaka wa saba sasa. Ikirudi?"
"Imerudi tangu lini?"
"Tangu tuvune maharage. Kidogo. Nafunga kitambaa.
Nilidhani ni laana, sikumwambia mtu."

Miezi mitatu, na damu yake iko chini ya kitenge,
anapanda Kadutu kwa miguu
kutafuta ya mwenzake!

Sikumwambia hilo. Nilifuta mikono,
nikamshika kiwiko hadi mlangoni kwa Noela.
"Hii hapa," nikasema, "ndiyo damu ya kuulizwa.
Huenda ni jambo dogo. Huenda si dogo.
Ila haingoji mavuno mengine."

Makarai yalikuwa yamefurika hadi miguuni.

Jioni akaja Nshobole mwenyewe, shingo ngumu,
amesikia mtaani shuka lake liko wapi.
Akafungua pochi: "Ni pesa ngapi?"
"Sikudai. Halikuwa na kitu cha kufua."
Akalitia kwapani, akageuka aende.
"Shangazi yenu bado yuko ndani," nikamwambia.
"Atatoka na karatasi ya hospitali kubwa. Asiteremke peke yake."

Akasimama kitambo, anatazama ziwa.
Kisha akalitandaza lile shuka juu ya dumu lililolowa,
akalikalia, akangoja.